Shajara ya mradi: kuitoa programu ya stoo kwenye desktopu na kuipeleka klaudi

Wiki ya 1

Nimeamua kuandika haya mambo wiki kwa wiki, maana nikisubiri mpaka mwisho nitakumbuka yaliyofanikiwa tu, na yale yaliyotukwamisha ndiyo yatamfaa atakayekuja kufanya kazi kama hii.

Hali iko hivi. Kuna programu ya stoo, inapokea mzigo, inatoa mzigo, inachapisha hati na lebo, mwisho wa mwezi inatoa ripoti. Imeandikwa kwa Visual Basic 6, lugha ya kuandikia programu za Windows, ile iliyotoka 1998 na ambayo zana zake za kuandikia ziliachwa kuhudumiwa tangu Aprili 2008. Data yote iko kwenye faili moja la Access, databesi ya Microsoft ya desktopu, lile la .mdb, limekaa kwenye folda ya kushea na watu wote wanalifungua hapohapo kwa wakati mmoja. Faili la aina hiyo mwisho wake ni GB 2, halivuki hapo, na letu limeshafika GB 1.6, yaani kila baada ya miezi michache lazima mtu abaki usiku wenzake wakishatoka alikandamize lipungue.

Ila kilichotusukuma hasa ni watu wenyewe. Watumiaji wapo 31. Programu ilipoandikwa wote walikuwa na Windows, leo hii 17 wana Windows, 8 wana Mac, 4 Linux na 2 wana Chromebook. Wa Linux wanaifungua kwa Wine, inayowezesha programu za Windows kukimbia kwenye Linux, inafunguka, ila ripoti zinatoka maandishi yamepandiana. Wa Mac walikuwa na kompyuta pepe yenye Windows ndani, sasa walipobadilishiwa mashine zikaja hizi zenye chipu za ARM ambazo Apple ilianza kuuza Novemba 2020, na ile kompyuta pepe iliyojengwa kwa ajili ya chipu za Intel haikuweza kuhama nao. Wa Chromebook ndio hawana njia kabisa, wanaandika kwenye karatasi halafu wanamwomba mwenzao awaingizie. Na hao wa Windows nao hawako salama wote, kuna mashine haziwezi kupanda Windows 11 na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Mtu mzima kila siku anamwomba mwenzake amwingizie kazi yake mwenyewe, akikosea namba lawama inamrudia yeye wakati kibodi hakuishika. Hilo linaniuma kuliko faili kujaa, na ndilo nimeliandika juu kabisa ya karatasi ya mradi.

Wiki hii sijagusa msimbo hata mstari. Nimekaa nyuma ya viti vya watu nikiwaangalia wanavyofanya kazi. Programu ina fomu 64, zinazofunguliwa kila siku hazizidi 15, na zipo kama 20 ambazo hakuna aliyekumbuka kazi yake. Nimejifunza mengi siku tatu hizo kuliko ambayo ningeyapata kwa kusoma msimbo mwezi mzima.

Wiki ya 2

Tumekaa na mwenzangu kupima njia. Ya kwanza ni kuiacha programu ilivyo, tukaiweka kwenye seva ya Windows huko klaudi, yaani kwenye kompyuta za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, na watu wawe wanaiona kwa mbali kwenye skrini zao. Ya pili kuiandika upya iwe ya brauza. Ya tatu kuiandika upya iwe ya desktopu lakini inayokubali mifumo yote, hii tumeitupa mapema kwa sababu bado ungebaki unasambaza matoleo kwenye mashine 31 zenye mifumo minne na kila apdeti ni safari ya kuzunguka meza kwa meza.

Tumekubaliana hivi, ya kwanza iwe daraja, ya pili ndiyo tunakoenda. Nataka nieleze kwa nini daraja ni muhimu, maana mwenzangu alikuwa anataka turuke moja kwa moja. Kuandika upya kunachukua miezi, na miezi yote hiyo wale wa Chromebook wataendelea kuandika kwenye karatasi. Daraja linawapa pumzi sasa hivi.

Tumesimika Apache Guacamole mbele ya seva ya Windows, hii inamwonyesha mtu skrini ya mbali ndani ya brauza yake bila kusimika chochote. Ule mlango wa 3389 wa skrini ya mbali hatujaufungua kwa intaneti na naomba mtu yeyote asiufungue, ukiuacha wazi tu roboti zinazozunguka kujaribu paswedi zinaufikia muda si mrefu. Siku nne kazi imeisha, wote 31 wanaiona programu.

Mipaka yake imeonekana siku hiyohiyo. Ukikopi kitu kwenye Mac kukipesti kule ndani ni mizunguko, printa ya pembeni yako haionekani, na maandishi yanachelewa kutokea kidogo baada ya kubonyeza, kidogo tu lakini anayeandika haraka anachoka. Leseni nazo zinahesabiwa kwa kila mtumiaji. Daraja linafaa kuvukia, kukaa juu yake haifai.

Wiki ya 4

Wiki hii imekuwa ngumu na nataka niiandike kwa urefu.

Kabla ya kuandika upya chochote tulitaka tuhamishe data peke yake, tuitoe kwenye Access tuiweke kwenye databesi ya PostgreSQL huko klaudi, halafu programu ileile ya zamani ya wale wa Windows iongee na databesi mpya kupitia ODBC, kiunganishi cha programu na databesi. Kwenye karatasi ilionekana hatua nzuri ya katikati. Tukafanya nakala ya majaribio, tukaunganisha, nikafungua fomu ya kupokea mzigo.

Ikakaa. Nikadhani imeganda. Baada ya karibu nusu dakika ikafunguka, kila kitu kipo sawasawa, hakuna kosa lolote lililoandikwa popote. Nikafunga nikafungua tena, vilevile.

Tukawasha rekodi ya maswali upande wa databesi na hapo ndipo tukaona. Fomu ile ikifunguka inaiuliza databesi maswali 412. Inachukua orodha ya bidhaa, halafu kwa kila bidhaa inauliza jina la kipimo, halafu inauliza rafu, halafu inauliza baki, moja moja, kwa mzunguko. Aliyeiandika hakukosea kwa wakati wake, data ilikuwa chumba cha pili, swali kwenda na kurudi ni kama nusu milisekunde, mara 412 unapata sehemu ya tano ya sekunde, nani atalalamika. Sasa seva yetu ya klaudi iko mbali na swali kwenda na kurudi ni milisekunde 70. Zidisha mwenyewe, 412 mara 70 ni karibu sekunde 29, na zote hizo mashine zinasubiri tu, hakuna hata moja inayofanya kazi.

Wazo la kwanza lililokuja kwenye kikao ni tununue seva kubwa zaidi. Hapana, seva ilikuwa inatumia asilimia ndogo sana ya nguvu yake. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, maana yake kila kilomita 1,000 zinakula milisekunde 10 kwenda na kurudi, hapo bado hujahesabu vifaa vya njiani. Huo muda hakuna anayeuuza. Kinachopungua ni idadi ya safari.

Kwa hiyo hatua ile ya katikati tumeifuta. Ile programu ya zamani iliandikwa kwa kuamini data iko pembeni yake, imani hiyo haijaandikwa sehemu moja ukaifuta, imesambaa kwenye kila fomu. Mpango mpya: kazi yote ya kuuliza inahamia kwenye seva iliyo jirani kabisa na databesi, brauza inatuma ombi moja na kupokea jibu moja lililokamilika. Fomu ileile tumeiandika kwa mtindo huo kama jaribio, maswali 412 yamekuwa 6 kwa kuyaunganisha, mtumiaji anasubiri chini ya nusu sekunde. Upande wa seva tumechagua lugha ya C#, mwenzangu anaijua na tangu 2016 .NET, mfumo unaoiendesha, inakimbia kwenye Linux, kwa hiyo hatulazimiki kukodi seva za Windows.

Wiki ya 6 na 7

Kuhamisha data. Nimeunganisha wiki mbili kwa kuwa zimekuwa kazi moja.

Vitu vidogo kwanza. Access inahesabu tarehe kuanzia 30 Desemba 1899, sasa safu iliyohifadhi saa tupu bila tarehe ukiihamisha kibubusa inakuja na mzigo uliopokelewa mwaka 1899. Ndiyo na hapana kule ni -1 na 0, ripoti moja ilikuwa inajumlisha hizo -1 halafu inageuza alama, PostgreSQL haikubali kujumlisha kitu cha namna hiyo, tukaandika upya. Safu za fedha za Access zina desimali 4, tumezipeleka kwenye numeric zenye desimali 4 vilevile, na zile ambazo mtu alitumia namba za kuelea, ambazo desimali zake ni za makadirio, tumezipanga moja moja na dada wa hesabu mpaka senti ya mwisho, hapo sitaki mtu akimbilie.

Herufi kubwa na ndogo. Access haizitofautishi, ukitafuta "bomba" unapata na "Bomba" na "BOMBA". PostgreSQL kwake hivyo ni vitu vitatu. Siku ya kwanza mtu wa stoo alitafuta valvu akaambiwa hakuna, akaingiza mpya, kumbe ipo kwa herufi kubwa. Tumeweka kizuizi kwamba majina yalinganishwe yakiwa yamegeuzwa herufi ndogo yote na nafasi za mwishoni zimeondolewa, na kizuizi chenyewe kikatufichulia bidhaa 43 zilizoandikwa mara mbili tangu zamani kwa sababu ya nafasi iliyozidi mwishoni mwa jina.

Picha nazo. Anwani za picha zimehifadhiwa kwa mikwaju ya nyuma kama Windows inavyotaka, na jina la faili kwenye databesi ni BOMBA01.JPG wakati faili lenyewe linaitwa bomba01.jpg. Windows haijali. Seva ya Linux inajali sana. Jaribio la kwanza picha 1,912 hazikuonekana. Tumeziandikia zote majina mapya ya namba na kuyaweka majina ya zamani kama maelezo tu, kwa hiyo herufi hazina tena nafasi ya kutusumbua.

Sasa ritifaa, ile alama ya juu kwenye ng'. Hii imenichukua siku mbili nzima na nina furaha nimeikamata kabla ya watu.

Tuna bidhaa zenye ng' ndani yake, ngozi ya ng'ombe, kamba za kung'oa, na majina ya watu pia yapo ya kutosha. Mtu wa Mac alitafuta ng'ombe hakupata kitu, mtu wa Windows pembeni yake kwa neno hilohilo akapata bidhaa sita. Macho yangu yanaona neno ni moja. Nikalifungua kwa baiti, zile namba ambazo kompyuta inahifadhia herufi, nikakuta ni maneno mawili tofauti, moja lina ritifaa iliyonyooka, ile ya kwenye kibodi, lingine lina ile ya kupinda. Word inaipindisha yenyewe unapoandika, Mac nayo ina mpangilio wa kufanya hivyo, iPad vilevile. Kuna waliotumia iliyopinda upande wa kushoto, na wapo waliotumia ile alama ndogo ya pembeni ya namba 1 kwenye kibodi. Kwa hiyo herufi moja ya Kiswahili ilikuwa imeandikwa kwa alama nne tofauti kwenye databesi moja.

Halafu kuna mafaili ya CSV, majedwali ya maandishi matupu, ambayo watu wanaingiza kutoka Excel. Yale yaliyohifadhiwa kwa mtindo wa zamani wa Windows, ritifaa iliyopinda ni baiti moja tu, 0x92, na ukiisoma kama UTF-8, mtindo wa sasa wa kuhifadhi herufi, haina maana, kwenye UTF-8 ritifaa hiyo ni baiti tatu. Ukikosea upande wa pili ndiyo unapata vile vitu vya ngâ€™ombe ambavyo wengi wetu tumeshaviona kwenye risiti na barua tukadhani ni uchafu wa printa.

Tulichofanya: kinachoingia kwa mlango wowote, kuandika, kupesti au faili, ritifaa zote zinanyooshwa kabla ya kuhifadhiwa, na anayetafuta naye neno lake linanyooshwa kabla ya kulinganishwa. Faili la CSV likija tunajaribu kulisoma kama UTF-8 kwanza, likikataa tunalisoma kwa mtindo wa Windows na kumwonyesha mtu mistari mitano ya mwanzo aithibitishe kwa macho yake. Nimeandika testi 30 kwa ajili ya ng' peke yake. Lugha yetu inahitaji alama hiyo kwenye maneno ya kila siku, programu inayoikosea haijaandikwa kwa ajili yetu.

Wiki ya 8

Logini. Programu ya zamani ilikuwa inachukua jina la mtu kutoka Windows kimyakimya, hakukuwa na paswedi. Sasa kila mtu ana akaunti yake, pamoja na ile namba ya tarakimu sita ya kwenye simu inayobadilika kila sekunde 30. Mmoja alikuwa anakataliwa kila mara, tumehangaika kumbe saa ya simu yake ilikuwa nyuma kwa dakika mbili, namba hizo zinahesabiwa kutokana na saa. Mengine yamekwenda vizuri.

Wiki ya 9 na 10

Kibodi. Nilidhani ni jambo la siku moja.

Dada wa hesabu anaingiza mistari 200 kwa siku bila kugusa mausi. Nilipomwonyesha fomu mpya alijaza mistari 14, akabonyeza F5, maana kwenye programu ya zamani F5 ni kuhifadhi, na miaka yote hiyo kidole chake kinakwenda hapo bila kuuliza. Kwenye brauza F5 ni kupakia ukurasa upya. Mistari yote 14 ikaondoka. Hakusema kitu kwa muda, halafu akaniambia, "Kaka, mimi hii siwezi kuitumia mpaka uniahidi haitarudia." Nikamwahidi, na wiki mbili hizi nimezitumia kuitimiza ahadi hiyo.

F5 unaweza kuizuia. Lakini Ctrl+N, Ctrl+T na Ctrl+W kwenye brauza nyingi ukurasa hauruhusiwi kuzishika kabisa, na Ctrl+N kule ilikuwa hati mpya. Kwenye Mac zile F za juu zinapunguza mwanga na kuongeza sauti mpaka ushikilie fn, Ctrl ya Windows kule ni Cmd, na Option ukiiambatanisha na herufi inaandika alama za ajabu kwenye boksi. Chromebook ndiyo kabisa, F hazijaandikwa kwenye kibodi. Kwa hiyo hakuna mchanganyiko wa vitufe ambao ungewafaa watu wote 31 kwa namna moja, nimechora jedwali nimejaribu zote.

Jibu limetoka kwake. Alisema kwa nini isiwe kama simu, ukiandika nyota na namba inafanya kitu. Sasa kuna kiboksi kimoja juu ya kila ukurasa, ukibonyeza mkwaju unajikuta ndani yake, unaandika h unaingiza, imehifadhi, m ni hati mpya, t ni kutafuta, na ukiwa ndani ya boksi la maandishi unabonyeza Esc kwanza. Vitufe hivyo viko mahali panapofikika kwenye kila kibodi na maana yake haibadiliki. Enter inakupeleka boksi linalofuata kama zamani. F5 nayo tumeiacha ihifadhi kwa wale wanaoweza kuibonyeza, ili vidole vya zamani visiadhibiwe.

Na kila mstari ukikamilika unakwenda kwenye seva kama rasimu hapohapo, hata kompyuta ikizimika ukirudi unaendelea ulipoishia. Nimekaa naye siku nzima ya kazi halisi, mistari 187, alichelewa dakika kumi kuliko zamani siku ya kwanza, siku ya nne akamaliza mapema kuliko zamani.

Wiki ya 11

Kuchapisha. Hati na ripoti tumezihamishia kwenye seva, seva inatengeneza PDF na mtu anaichapisha kwa printa yake. Faida ni kwamba fonti ni za sehemu moja, ile shida ya maandishi kupandiana kwenye Linux ilitokana na Arial kutokuwepo kwenye mashine zile na nafasi yake kuchukuliwa na fonti pana zaidi. Tumetumia Liberation Sans, upana wa herufi zake umefanywa ulingane na Arial, kwa hiyo ripoti za zamani zimekaa kwenye mistari yake bila kupangwa upya.

Lebo zimekataa njia hiyo. Printa ya lebo inataka amri zake mbichi moja kwa moja na brauza haipeleki. Tumeandika kiprogramu kidogo kinachokaa kwenye mashine moja pale stoo, kinaiuliza seva kama kuna lebo zinazosubiri, kikizipata kinazitoa. Sasa mtu wa Chromebook aliye ghorofa ya juu anabonyeza na lebo inatoka chini stoo kwenye rafu inapotakiwa, kitu ambacho hata wa Windows hawakuwa nacho zamani.

Wiki ya 12

Watu wawili wanafungua hati moja. Access ilikuwa na faili lake la kufuli la .ldb, wa pili anaambiwa subiri. Kwenye brauza mtu anafungua ukurasa anakwenda kula, ukimwekea kufuli umewafungia wengine. Tumeweka namba ya toleo kwenye kila hati, ukihifadhi na namba yako imepitwa unaonyeshwa nani kabadilisha nini na unachagua. Mwanzo ujumbe wetu ulisema tu kuwa kuna mgongano wa data, mtu wa stoo akauliza mgongano na nani? Swali zuri, sasa jina la mtu na saa viko kwenye ujumbe.

Wiki ya 13

Intaneti ikikatika. Hili ndilo swali lililoulizwa zaidi na kila mtu, na ni haki yao, programu ya zamani haikuhitaji intaneti na ukiwahamisha watu kwenye klaudi umewaongezea kitu kimoja cha kuwaangusha.

Tumefanya hivi: orodha ya bidhaa na fomu za kupokea na kutoa mzigo zinahifadhiwa ndani ya brauza, mtandao ukikatika unaendelea kujaza, juu unaona utepe wa njano unaokuambia una hati ngapi hazijafika, ukirudi zinakwenda zenyewe. Mambo mawili yanahitaji uangalifu. La kwanza, Safari tangu Machi 2020 inafuta hifadhi ya tovuti ambayo mtu hajaigusa kwa siku 7 za kutumia brauza, kwa hiyo hifadhi ya ndani tumeichukulia kama mfukoni na siyo kabatini, rasimu zinakwenda seva mara tu njia ikipatikana. La pili, hati inaweza kufika seva lakini jibu likapotea njiani, brauza ikadhani haijafika ikatuma tena, ukapokea mzigo mmoja mara mbili. Kila hati inapewa namba yake ya kipekee palepale kwenye brauza kabla haijatumwa, seva ikiiona namba hiyo mara ya pili inajibu "imeshafika" na haiandiki tena. Tumechomoa waya wa mtandao makusudi mara 50 katikati ya kutuma, hati 50 zimeingia, zote mara moja moja.

Wiki ya 14

Bakapu. Mwenzangu alisema zipo, zinafanyika kila usiku. Nikamwambia tuirudishe moja kwenye seva tupu tuone. Databesi imerudi vizuri, picha hazikuwemo, zilikuwa kwenye hifadhi nyingine ambayo hakuna aliyeiweka kwenye ratiba. Tumeirekebisha tukarudia, imechukua dakika 52 kutoka kwenye seva tupu mpaka mtu kulogini. Namba hiyo nimeibandika ukutani na zoezi tutalirudia kila mwezi, kila mwezi mtu tofauti, ili asiwepo mmoja tu anayejua njia.

Wiki ya 15 na 16

Tumeendesha zote mbili sambamba. Watano wa kwanza, halafu kumi na mbili, kazi inaingizwa mpya na mmoja anairudia kwenye ya zamani, jioni tunalinganisha baki za bidhaa zote. Inachosha na ninawashukuru wote waliokubali kufanya kazi mara mbili kwa siku kumi.

Siku ya tatu jumla zikapishana kwa bidhaa tatu. Data ipo, hakuna kilichopotea, ila ripoti ya siku ilizihesabu kwenye siku ya jana yake. Seva inaandika saa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, ambavyo ndivyo inavyotakiwa, lakini ripoti nayo ilikuwa inakata siku kwa UTC, na sisi tuko mbele kwa saa 3, kwa hiyo mzigo uliopokelewa na watu wa usiku kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku ulionekana ni wa siku iliyopita. Wakati wa majaribio hakuna aliyekuwa anafanya kazi saa hizo, ndiyo maana hatukuona. Tumebadilisha ripoti zote zikate siku kwa saa za mahali watu walipo, na nimeongeza testi za saa saba usiku.

Baada ya hapo siku saba mfululizo bila tofauti hata moja.

Wiki ya 17

Jumatatu asubuhi wote 31 wako kwenye mpya. Faili la .mdb limebaki la kusoma tu, hakuna anayeweza kuandika humo, litakaa mwaka mmoja kwa ajili ya kulinganisha. Daraja la skrini ya mbali limezimwa Alhamisi baada ya kuona siku tatu hakuna aliyelifungua.

Yaliyobaki: kiprogramu cha lebo kinakimbia Windows tu, nataka na kwenye Linux ili mashine ya stoo ikifa tuweke yoyote. Fomu tano za ripoti za mwaka bado hazijaandikwa, tuna muda. Utepe wa njano kwenye skrini ndogo unafunika kitufe cha kufuta, naanza na huo kesho.

Wale wawili wa Chromebook nimepita kwao leo mchana. Mmoja alikuwa anaingiza mzigo wa asubuhi mwenyewe, lile bunda la karatasi limesukumwa pembeni ya meza, karatasi ya juu kabisa ina tarehe ya wiki iliyopita.